Pikapu ya marehemu baba imekuwa brekidauni, lakini Kikavu usukani ulielea

BARUA

Mzee wangu mshauri, shikamoo.

Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, tunaishi Majengo hapa Moshi. Marehemu baba alituachia kihamba, yaani shamba letu la ukoo, Kibosho na pikapu moja, Hilux ya kebini moja yenye injini aina ya 5L. Kihamba kimebaki kwa mdogo wetu wa mwisho kama ilivyo desturi yetu. Pikapu nilichukua mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa dereva wa mzee tangu alipoanza kuumwa macho. Nimebebea mchanga, majani ya ng'ombe na ndizi za kushusha soko la Mbuyuni. Siku hizi Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zimejaa mjini, na mtu anayehama chumba na sebule hataki tena kulipia pikapu.

Desemba iliyopita nilikuwa narudi usiku nikakuta Noah imechemsha karibu na daraja la Kikavu. Familia nzima imesimama kando ya barabara na mabegi yao. Walitoka Dar asubuhi, wanaelekea Sanya Juu kwa sikukuu. Niliwavuta kwa kamba mpaka Bomang'ombe, wakanipa shilingi 80,000 na kuku mmoja. Mzee, usiku ule sikulala. Niliwaza magari yote yanayopanda kuja Kilimanjaro kila Desemba, mengine hayajafanyiwa sevisi mwaka mzima, na brekidauni ukiipigia simu inakuja baada ya kuisubiri saa nne na bei yake inatisha. Nikasema hii pikapu ya baba nitaigeuza brekidauni.

Fundi mmoja wa kuchomelea alinitengenezea mlingoti wa mabomba mazito, akaung'oa mgongo wote wa bodi na kuuchomelea mlingoti moja kwa moja kwenye chasisi. Nikanunua winchi ya umeme ya mtumba, imeandikwa inavuta kilo 5,400. Mpaka sasa nimetumia shilingi 1,900,000. Nilijipa moyo kwamba Hilux inabeba tani moja, na pua ya Noah haifiki tani moja, kwa hiyo gari haliwezi kushindwa.

Wiki mbili zilizopita nilipata kazi ya kwanza, kuleta Noah kutoka Bomang'ombe mpaka gereji ya Moshi. Niliinyanyua pua, nikaifunga cheni, tukaondoka. Mama mwenye gari alikuwa na mtoto wa kama miaka mitano, akaniomba wakae humo humo ndani ya Noah kwa kuwa kebini yangu ina viti viwili na shemeji yangu alikuwa amekaa kimoja. Nilikubali. Kwenye tambarare nilihisi usukani mwepesi, nikadhani ni upepo. Tulipoanza kuushuka mteremko wa Kikavu, usukani ulikuwa kama si wangu. Nazungusha, gari linachelewa kutii. Nikakanyaga breki, matairi ya mbele yakakaba na kuburuza, Noah ikaanza kuyumba huku na huku nyuma yangu. Fuso lilikuwa linapanda, dereva akapiga honi mpaka tukapishana. Tulisimama karibu na daraja. Yule mama alishuka akiwa hawezi kuongea. Mtoto alikuwa analia. Sikumtoza hela.

Tangu siku ile gari limesimama nyumbani. Fundi anasema dawa ni kuongeza springi za nyuma na kumwaga zege kwenye bampa la mbele ili pua ikae chini. Shemeji anasema tufunge mlingoti wa haidroliki wa kunyanyulia kwenye matairi, lakini zinahitajika shilingi 3,000,000. Mke wangu yuko tayari kukopa kwenye VICOBA yao kwa jina lake. Kaka yetu wa Dar naye amesikia bodi imekatwa, amenipigia kwa hasira kwamba gari la baba ni la wote na sikumuuliza mtu. Ni kweli kadi bado ina jina la baba.

Nifanye nini, mzee? Desemba inakaribia.

Kijana wa Majengo, Moshi


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na yule mtoto. Umeandika barua ndefu, na umemtaja yeye na mama yake kwa mistari michache, ila nimeona kwamba ndiye aliyekufanya uandike. Abiria hakai ndani ya gari linalovutwa. Hata kama anaomba, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni mita mia tatu. Kebini ikiwa na nafasi moja, shemeji ndiye anayebaki kituoni na kutafuta bodaboda, na mama mwenye gari anakaa mbele na mtoto wake. Na kama unayo namba ya yule mama, mpigie umjulie hali. Usimpigie kujitetea.

Umefanya vizuri kulisimamisha gari. Liache limesimama mpaka tumalize mazungumzo haya.

Nimefanya ufundi wa magari Unga Limited, Arusha, kwa miaka 31, na wazo lako la kugeuza gari la kawaida kuwa la kuvuta nimeliona mara nyingi. Halina aibu yoyote. Brekidauni ya kwanza duniani ilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga kule Marekani, fundi mmoja aitwaye Ernest Holmes aliitwa kutoa gari lililotumbukia kwenye kijito. Alitumia kamba na watu sita, akahangaika sana. Aliporudi gereji alichukua Cadillac ya mwaka 1913, akaifunga nguzo tatu, puli na cheni. Lakini hakuishia kwenye ile ya kwanza. Alikaa akaiboresha ndipo akaanza kutengeneza za kuuza. Wewe uko pale alipokuwa yeye kabla ya kuboresha.

Sasa hesabu yako ya tani moja. Umesema Hilux inabeba tani moja na pua ya Noah haifiki tani moja. Yote mawili ni kweli. Kosa liko kwenye mahali mzigo ulipokaa.

Umewahi kumwangalia mtu wa mkokoteni akipakia magunia pale Mbuyuni? Akiyapanga juu ya matairi, anausukuma kwa vidole. Akiyapanga yote nyuma ya matairi, mishikio inapaa juu na yeye mwenyewe ananing'inia miguu ikitafuta ardhi. Magunia ni yale yale, mkokoteni ni ule ule. Tani moja uliyoahidiwa na watengenezaji wa Hilux ni ya mzigo uliolala ndani ya bodi, kati ya kebini na ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachobeba matairi ya nyuma, au juu yake. Mlingoti wako umeutoa mzigo nje kabisa, nyuma ya bampa. Ekseli ya nyuma ikawa ndiyo matairi ya mkokoteni, na matairi yako ya mbele yakawa ile mishikio.

Tupige hesabu, na wewe upime lako kwa futi kamba uweke namba zako. Hilux ya aina yako, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni kama sentimita 285. Mlingoti kama wako, ndoano hukaa kama sentimita 160 nyuma ya ekseli ya nyuma. Noah ina uzito wa kama kilo 1,550, na kwa kuwa injini iko mbele, pua yake peke yake ni kama kilo 900. Zidisha 900 kwa 160, gawanya kwa 285. Unapata kilo 505. Hizo ndizo kilo zilizonyanyuliwa kutoka kwenye matairi yako ya mbele. Pikapu yako ikiwa tupu ina kama kilo 950 mbele na kama 700 nyuma. Kwa hiyo pale Kikavu ulikuwa unateremka na kilo 445 tu mbele. Ndiyo maana usukani ulielea. Ndiyo maana matairi ya mbele yalikaba mapema, kwa sababu breki kubwa ya gari iko mbele na hapakuwa na uzito wa kuyabana matairi kwenye lami.

Nyuma je? Kilo 700 za mwanzo, ongeza 900 za Noah, ongeza zile 505 zilizohama kutoka mbele, ongeza mlingoti na winchi ambavyo havikosi 250. Ekseli moja inabeba zaidi ya kilo 2,300, kwenye gari ambalo zima, pamoja na mzigo wake, halikuundwa kuvuka tani tatu. Na angalia kinachopumbaza watu: jumla yote, mbele na nyuma, ni kama kilo 2,800. Ukipita kwenye mizani gari zima linaonekana liko sawa. Pima ekseli moja moja ndipo utauona ugonjwa. Wenzetu wa kazi hii kule Marekani wana kipimo wanachokifuata, kwamba ukishanyanyua mzigo, ekseli ya mbele ibaki na angalau nusu ya uzito iliokuwa nao gari likiwa tupu. Wewe ulikuwa chini ya nusu, tena kwenye mteremko.

Nimelirefusha hili makusudi kwa sababu ukilielewa, maswali yako mengine yote yanajijibu.

Springi. Fundi wako anataka kuongeza majani ya springi. Yataunyanyua mkia wa gari, litasimama vizuri machoni, na wewe utaamini umepona. Lakini springi hairudishi hata kilo moja mbele. Zile 505 zimeshahama, na zitaendelea kuwa nyuma hata ukifunga springi za Fuso. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalipuuza. Chungulia chini ya Hilux, juu ya difu, utaona kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi. Valvu hiyo ndiyo inayogawa nguvu ya breki za nyuma. Mkia ukishuka kwa mzigo, kifimbo kinaisukuma na breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukiongeza springi mkia haushuki tena, valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati ndipo zinapohitajika. Nimeona magari mengi ambayo kifimbo hicho kimekatwa na kutupwa kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele. Angalia cha kwako kama bado kipo.

Zege nalo, tulipime kwa hesabu ile ile. Ukimwaga kilo 150 kwenye bampa, sentimita kama 80 mbele ya ekseli, mbele itaongezeka kama kilo 190. Inasaidia kiasi, sikatai. Lakini nyuma itapungukiwa kama kilo 40 tu, na ekseli iliyokuwa inalia itaendelea kulia. Kisha kazi ikiisha unarudi mtupu na jiwe lile kwenye pua, siku zote, barabara ya vumbi na makorongo, unakula boljointi, shokapu na matairi. Zege ni la msingi wa nyumba.

Kuhusu mlingoti wenyewe, hapa nakuomba unisikie. Chasisi ya pikapu imeundwa ijipinde kidogo gari linapopita kwenye mashimo. Ukiikata au ukichomelea kwa kuvuka kingo zake za juu na za chini, chuma kinabadilika kwa moto pale pale, kinakuwa kikavu, na ufa unaanza pembeni ya weldi. Hauonekani mpaka siku chasisi inapokunjika. Mlingoti hufungwa kwa bolti nzito zinazopita kwenye ubavu wa reli za chasisi, na sahani ya chuma ndani na nje, bila kugusa kingo. Na anayechomelea kitu chochote kwenye gari anatoa kwanza waya za betri. Tafuta fundi mwingine, asiye yule, aukate ule mlingoti taratibu kwa msasa wa umeme, alisafishe eneo mpaka chuma cheupe kionekane, akutazamie kama kuna ufa. Ukiwapo, hiyo ni kazi ya fundi wa chasisi, usikubali azibe kwa rangi.

Winchi ya kilo 5,400 nayo ilikudanganya kama tani moja ilivyokudanganya. Namba ile hupimwa waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma; kila tabaka linaloongezeka juu yake, nguvu inapungua. Pia ni winchi ya kukokota gari lililoko chini, haikuundwa kuning'iniza gari hewani huku mnatembea kilomita 25. Kinachoizuia isijifungue ni breki ndogo ya ndani tu. Na inakunywa umeme: ikielemewa inaweza kufika ampea 400, wakati altaneta yako haifiki hata 100. Maana yake unatumia akiba ya betri, na ukizidisha dakika utakuwa wewe ndiye wa kuvutwa. Lakini usiiuze. Nitakuambia kazi yake.

Mlingoti wa haidroliki wa shemeji je? Ni kifaa kizuri, unashika matairi badala ya bampa, na unaweza kukaa karibu zaidi na ekseli. Tuseme unaupunguza umbali mpaka sentimita 130 na unabeba IST, ambayo pua yake ni kama kilo 630. Unapoteza mbele kama kilo 290, unabaki na 660. Usukani utakutii. Lakini nyuma, pamoja na chuma cha kifaa chenyewe, bado unakaribia kilo 1,800 kwenye ekseli moja. Kwa IST gari limeshashiba. Kwa Noah litatapika. Na wateja wako wa Desemba wana Noah, Alphard, Hiace na Land Cruiser, wamejaza watu, magunia na zawadi za bibi. Utalipa shilingi 3,000,000 ili uwakatae wengi wao, au, na hili ndilo ninalolihofia, ili ushindwe kuwakataa wakikuonyesha hela usiku. Kwa pikapu hii sikushauri kunyanyua.

Ninachokushauri ni kuvuta bila kunyanyua kwa mgongo wa Hilux. Yaani tela dogo la ekseli moja, ambalo matairi mawili ya mbele ya mgonjwa yanapandishwa juu yake na kufungwa kwa mikanda, matairi ya nyuma yanabingirika barabarani. Uzito wa pua ya Noah unabebwa na matairi ya tela lenyewe, siyo na ekseli yako. Pikapu yako inaegemewa kidogo tu kwenye ndoano, na matairi yako ya mbele yanabaki na uzito wao. Mchomeleaji mzuri anaweza kulitengeneza kwa ekseli ya gari lililokufa, lakini kwa masharti ambayo hayana mjadala. Tela liwe na breki zake zinazojikaba lenyewe linapoisukuma pikapu kwenye mteremko. Kwa pikapu za namna hii kitabu cha gari kwa kawaida kinaruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki, na Noah pamoja na tela ni kama kilo 1,800. Fungua kitabu cha Hilux yako usome kinaruhusu kilo ngapi kwa tela lenye breki, uishie hapo. Cheni mbili za usalama zipishane chini ya mkono wa tela, ndoano ikivunjika mkono udakwe na cheni usichimbe lami. Taa za nyuma za tela ziwake pamoja na zako.

Winchi yako sasa ina kazi: ifunge kwa bolti ndani ya bodi, ikokote gari kulipandisha juu ya tela, na kutoa magari kwenye matope ya Kibosho, Machame na Old Moshi masika yanapoanza. Nunua puli moja nzito; ukiupitisha waya kwenye puli iliyofungwa kwenye kitu imara na kuurudisha, nguvu inakaribia mara mbili na winchi inapumua. Weka koti zito au gunia la mchanga juu ya waya kabla hujavuta, na watu wakae mbali, waya ukikatika unarudi kama upanga.

Kabla hujagusa gari la mtu, uliza matairi gani ndiyo yanayolisukuma. Magari mengi tunayoagiza Japani ni otomatiki, na giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa na matairi ya kusukuma yakabingirika, giaboksi inajisaga bila mafuta. IST, Passo na Noah za kuanzia 2001, nyingi zinasukumwa kwa matairi ya mbele, hizo tela lako linazifaa. Noah za zamani za kabla ya hapo zinasukumwa kwa ya nyuma, kwa hiyo unafungua kwanza propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma. Subaru Forester, na gari lolote linalosukumwa kwa matairi yote manne, iwe Noah au RAV4, usilivute kwa tela. Hiyo ni kazi ya Canter yenye bodi bapa, matairi yote manne yakiwa hewani. Tafuta mwenye Canter hiyo Moshi au Arusha, mkubaliane, umpe kazi hizo naye akupe chako. Mteja ukimwambia "hili gari lako nitaliua, ngoja nikuitie mwenzangu", hatakusahau.

Na usizidharau kazi ndogo. Gari lililochemsha Kikavu saa tano usiku mara nyingi linahitaji maji, mpira wa rejeta na mtu mwenye tochi. Lingine linahitaji kuwashiwa betri, au tairi kubadilishwa wakati watoto wamelala. Kwa hizo pikapu yako inatosha kuanzia kesho kutwa, na Desemba hii anza na hizo tu. Pembetatu mbili, ziwekwe mbali, siyo hatua tano nyuma ya gari. Fulana ya kung'aa. Taa ya njano ya kuzunguka. Na kamwe usisimame kati ya magari mawili.

Ukianza kuvuta kwa tela, kaa kati ya Himo na Bomang'ombe kwanza. Kazi za Arusha ziache. Moshi iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari na Arusha kama 1,400, na injini ya 5L haina tabo. Mzigo wa tani na nusu nyuma utaichosha, na kurudi kuna miteremko yake. Kikavu shuka kwa gia ya pili, usisubiri gari liongeze mwendo ndipo ukanyage.

Sasa kadi.

Kaka yako wa Dar ana haki ya kukasirika, na wewe ungekasirika. Kihamba cha Kibosho hakuna ambaye angekigawa bila ndugu kukaa chini, na pikapu ya mzee nayo ni mali ya marehemu mpaka mirathi ifanyike. Mpigie leo. Usianze na hela ulizotumia, anza na kwamba ulikosea kukata bodi bila kumwuliza. Kisha mkae kama familia, mama akiwapo, mchague msimamizi wa mirathi aende Mahakama ya Mwanzo, halafu kadi ihamishwe TRA kwa jina ambalo wote mmekubaliana. Mkubaliane pia kwa maandishi kama gari ni lako kabisa au unalifanyia kazi na ndugu wanapata kitu. Bila hilo hakuna kinachosimama. Mabadiliko ya gari yanaandikishwa kwenye kadi, tela linasajiliwa lenyewe na kupewa namba yake, na huwezi kufanya hayo kwa jina la mtu aliyelala kaburini.

Bima nayo. Bima ndogo uliyonayo inamlipa mtu mwingine uliyemgonga. Noah ya mteja iliyo juu ya tela lako haimo humo. Nenda kwenye kampuni ya bima ueleze kwa maneno ya wazi kwamba unavuta magari ya watu kwa malipo, na udai waandike hivyo kwenye karatasi. Pitia LATRA pia, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio waliochukua kazi za nchi kavu za SUMATRA mwaka 2019, wakuambie leseni ya biashara yako ni ipi kabla trafiki hajakuuliza barabarani.

Kuhusu mke wako. Amejitolea kukopa kwa jina lake, na hilo linaonyesha anavyokuamini. Usiichukue hela hiyo sasa. Mkopo wa VICOBA unarudishwa kila wiki au kila mwezi mbele ya wanawake wenzake, na wewe huna kazi ya kuulipa kabla mirathi haijakwisha na tela halijajaribiwa. Chuma cha ule mlingoti kipime uone kama mabomba yake yanafaa kwa fremu ya tela, mengi yatafaa. Kinachobaki kipate kutoka kwenye kazi ndogo ndogo za Desemba. Ikifika Machi na una hesabu yako kwenye daftari, kaa na mama watoto mwangalie pamoja kama mkopo wa kumalizia breki za tela unalipika. Aamue yeye, jina ni lake.

Tela likiwa tayari, lijaribu bila mteja. Azima IST ya rafiki, mchague asubuhi ya Jumapili, tambarare ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Funga breki taratibu mara kumi, simama, gusa vyuma vya magurudumu ya tela kwa mgongo wa mkono uone kama vyote viwili vina joto sawa. Kimoja kikiwa baridi, breki yake haifanyi kazi, rudi kwa fundi. Mkono ukizoea ndipo uende Kikavu, mchana, gari likiwa jepesi.

Na ule mgongo wa bodi uliong'olewa, kama bado uko nyuma ya nyumba na hujauuza kwa watu wa vyuma chakavu, urudishe kwenye gari. Mwambie kaka yako kwamba unaurudisha. Winchi itakaa ndani yake vizuri kabisa.